Aliyepona Kwenye Karatasi

4 Machi

Mimi Agutu, mama Owiti, ninaandika kwa mkono wangu. Shule sikukanyaga. Herufi nilifundishwa na masista nikiwa tayari na wajukuu, kwenye kisomo cha kanisani, na mpaka leo mkono wangu unatembea kama kobe mwenye kidonda. Ningeenda kuungama kwa padri, lakini dada yake padri ndiye jirani yangu wa kisimani, na siwaamini watu wanaokula sahani moja. Basi nitaandika. Atakayesoma asome nikiwa nimeshafukiwa.

Leo asubuhi gari la utafiti limekuja na mvua juu yake. Akashuka Odeta. Huyu Daktari Odeta Chenge namjua tangu akiwa msichana mwembamba, mtoto wa Kisukuma wa mjini, aliyetumwa kuhesabu nyumba zetu huku ufukweni: nani kazaliwa, nani kafa, nani kahama, nani ana virusi vya UKIMWI, nani ana kichocho. Siku ya kwanza alizama magotini kwenye tope la mpunga. Nikamvuta, nikamwosha miguu, nikampa ugali na furu, visamaki vya ziwani kwetu. Tangu siku ile ananiita mama. Ni zaidi ya miaka ishirini sasa. Amesoma Ulaya, amerudi, kichwa kimeanza mvi, ana watu wa kumbebea mfuko, lakini akifika kwangu huvua viatu na kuchutama jikoni kama zamani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda. Huko ofisini wanakulisha karatasi?"

Akacheka. Kisha akaacha kucheka, akamgeukia mkwe wangu. "Akinyi, nakuomba tuongee wawili."

Mkwe wangu haitwi Akinyi. Anaitwa Janet. Kwenye makaratasi ya utafiti ndiye Akinyi, na kosa hilo ni langu, nitalieleza nikipata nguvu. Janet akasema, "Mama na akae." Nikakaa. Natamani ningeenda kuanua dagaa.

Odeta akasema makaratasi ya miaka yote yameingizwa kwenye kompyuta moja, naye amekuwa akiyapitia mstari kwa mstari. "Mwaka 2011 damu yako ilikuwa na virusi. Tulipima mara mbili. Mwaka 2014 haina. 2017 haina. 2022 haina. Akinyi, hakuna dawa tuliyokupa inayoweza kufanya hivyo. Nimefanya kazi hii tangu nikiwa binti, nimezika wagonjwa wangu wengi, na kitu hiki sijapata kukiona."

Alikuwa na machozi. Odeta! Janet akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia sufuria.

5 Machi

Mvua.

6 Machi

Mvua. Dagaa wamevunda, wamechukuliwa na wafuga kuku.

10 Machi

Nguvu sijapata, lakini naeleza.

Akinyi alikuwa mke wa kwanza wa Owiti, mwanangu. Dada mkubwa wa Janet. Alikuwa na mwanya na kicheko cha kusikika mpaka mitumbwini. Watu wa utafiti walimpima, wakamkuta nao ule ugonjwa, na Owiti pia. Wakapewa dawa. Akinyi akazaa binti, Paskazia, mtoto safi, hana virusi. Ila baada ya kujifungua dawa zikawa zinamtapisha, anakonda, analia.

Wakati huo kulikuwa na mwombeaji amepiga hema karibu na mwalo, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Mimi ndiye niliyempeleka Akinyi. Mwombeaji akasema, anayeshika dawa kwa mkono mmoja na Mungu kwa mkono mwingine, Mungu humwachia. Akinyi alisita. Alisema, "Mama, nesi alinikataza kuacha." Mimi, mtu mzima, nikaichukua ile chupa nikaenda nayo majini nikaitupa. Ikaelea. Kifuniko kimebana, vidonge vinalia ndani, mawimbi yakairudisha mpaka miguuni pangu. Nikaifungua, nikatia mawe, nikaitupa tena. Ziwa lilinirudishia dawa ya mtoto wa watu, na mimi nikalikatalia.

Alikufa mwaka 2013. Tulimpeleka Rorya, kwa watu wa marehemu mume wangu, akazikwa huko. Kwetu sisi Wajaluo, dada akifa na kuacha kichanga, ukoo wake unaweza kumleta mdogo wake aje akalie kigoda chake, amlee mtoto, awe mke. Janet alikuja na matanga, hakurudi kwao. Alikuwa na miaka kumi na tisa.

Mwaka uliofuata watu wa utafiti wakapita tena. Odeta alikuwa masomoni, na kabla ya kwenda alikuwa amemwona Akinyi mara moja tu, tena kwa haraka; akaja kijana mgeni na orodha. "Akinyi, mke wa Owiti, yupo?" Ningesema kafa, angeuliza kafa kwa nini. Janet alikuwa uani anapepeta mtama. Nikanyoosha kidole nikasema, "Yule pale."

Nilijiambia si uongo, kwamba anayekalia kigoda cha mtu ndiye mtu huyo. Uongo mtupu! Kigoda hakina damu. Kijiji kizima kinajua Janet ni Janet, ila kijiji hakisomi makaratasi ya Odeta.

11 Machi

Nimepalilia. Magugu hayana haya, yanaota mbele ya macho yako.

14 Machi

Mvua. Owiti yuko visiwani anavua. Nilimpigia simu kumuuliza kama anameza dawa zake. Akasema, "Mama, tangu tumzike Akinyi kuna siku uliacha kuniuliza?" Akakata.

19 Machi

Odeta amerudi kuchukua damu ya Janet. Chupa sita ndogo. Janet alitoa mkono, akageuza uso ukutani.

Odeta alikuwa akimtazama. Akasema, kama mtu anayekumbuka jambo la kuchekesha, "Mbona nilidhani Akinyi una mwanya?"

Kabla Janet hajafungua mdomo mimi nikarukia. "Aah, huyo ulimwona dada yake. Alikuwa anakuja kututembelea."

Lilitoka lenyewe. Ule uongo wa zamani nilikuwa na huzuni, nilikuwa na aibu ya msiba. Huu wa leo sina cha kusingizia. Nilikuwa nimeshiba, nimekaa kwenye mkeka wangu, na ulimi ukateleza kama kambare.

Akiwa anafunga mfuko, Odeta akanishika bega. "Mama, wenzangu hawaniamini. Wanasema nimechanganya chupa, au wamepimwa watu wawili tofauti. Nimewaambia hapana. Ile nyumba naijua, yule bibi hawezi kunidanganya. Damu ya 2011 ipo bado kwenye barafu, nitaomba kibali ilinganishwe na hii. Mwezi wa tano katikati nakwenda mkutanoni Arusha kulisimamia jambo hili mbele ya madaktari wenzangu."

Nikamfungia samaki wa kubanika kwenye gazeti. Nikamwambia ale, asikonde. Moyo wangu ulikuwa unampenda kweli wakati ninamfungia. 

20 Machi

Mvua. Sikula.

27 Machi

Janet amesema leo. Mwanamke huyu huwa hasemi. Tulikuwa tunamenya mihogo, Paskazia akapita akauliza, "Mama, kwa nini daktari anakuita jina la mama aliyekufa?" Janet akamwambia nenda ukachote maji. Mtoto alipotoka, kisu kikaendelea kumenya, yeye akaongea bila kuinua uso.

"Umesikia, mama?"

"Nimesikia. Watoto wa siku hizi wana masikio kama sungura."

"Usinichekeshe. Siku ile ulinifuata uani ukaninong'oneza, sema ndiyo. Nikasema ndiyo. Msiba haujaisha hata mwaka, ninamnyonyesha mtoto wa dada yangu kwa chupa, na mgeni ananiita kwa jina la dada yangu na mimi naitika. Kila wakija naitika. Unajua usiku wa siku hizo ninamwotaje?"

"Sijui."

"Hujawahi kuniuliza."

Nikamwambia, "Mwanangu, nilikuwa naogopa."

"Mimi je? Nilikuwa naogopa nani? Nilikuwa nakuogopa wewe."

Miaka yote hii nilikuwa nasema kwa majirani, nina mkwe mtiifu, hana makuu. Mihogo ilipoisha aliikusanya akaenda nayo. Nimekaa na maganda.

28 Machi

Mvua kubwa. Ziwa limepanda hadi kwenye vichanja vya dagaa.

6 Aprili

Sasa limekuwa jambo jingine.

Hapa mwaloni kuna Shamsa, anakaanga chapati na maandazi. Ni mtoto wa mjini, wa Mkuyuni, mama wa Kiislamu mwenye mdomo wa upinde, maneno yake mishale. Anaishi na virusi mwaka wa tisa, wala hafichi. Akisikia umbea wake anauongezea chumvi mwenyewe. Wakati alipotaka kuacha dawa mwaka wa kwanza, mimi ndiye niliyekuwa nampelekea uji na kusimama pale mpaka ameze. Nilishajifunza kwa Akinyi.

Msafiri, dereva wa gari la utafiti, jana alikunywa chai kwa Shamsa. Alijua nusu ya habari, akaimwaga yote. "Kuna mama hapa kijijini virusi vimemtoka vyenyewe. Daktari analia kwa furaha. Jina sijui." Leo mwalo mzima kila mwenye dawa anajihesabu.

Shamsa kaniita, kanipa chapati ya moto. "Bibi, nikuambie? Mimi naona ni mimi."

"Wewe nini?"

"Aliyepona! Mwezi wa pili walinipima wakasema wingi wa virusi uko chini mno, kipimo hakivioni. Sasa kama kipimo cha mamilioni hakivioni, vipo wapi? Vimehama! Wananificha ili wanichukue damu bure."

"We Shamsa, havionekani kwa sababu unameza dawa. Meza dawa zako."

"Nameza, bibi, nameza. Kula chapati inapoa."

Pale ndipo mahali. Ningesema hakuna aliyepona. Maneno mawili tu. Nilikuwa na chapati mdomoni, nikaitafuna polepole, nikamshukuru, nikaondoka.

9 Aprili

Nimeng'oa mihogo. Nusu imeoza kwa maji.

13 Aprili

Mvua.

17 Aprili

Mvua. Nimekwenda kanisani, sikupokea komunyo. Dada yake padri ameniuliza mbona sijapokea. Nimemwambia tumbo.

25 Aprili

Siku tatu Shamsa hajafungua. Wanasema ana mafua. Nimepita mlangoni kwake nikasikia kikohozi. Nakijua kile kikohozi, nililala nacho chumba kimoja miezi minne.

Sikubisha hodi. Naandika hivyo hivyo: nilisimama, nikasikia, sikubisha hodi.

26 Aprili

Nimebisha.

Alikuwa amejifunika kanga mbili, jua liko nje, anatetemeka. Macho yamekuwa makubwa. Nikamuuliza lini ameacha. Akanitazama kwa ujeuri wake ule.

"Nani kakuambia nimeacha?"

"Mimi nimeosha maiti ya aliyeacha. Lini?"

"Tangu siku ya Msafiri." Kisha akainua kidole. "Usianze, bibi. Kama yule mama kapona bila kitu, na mimi mwili unapambana. Hii ni homa ya kutoa uchafu."

Nikakaa chini sakafuni. Nikamwambia yote. Akinyi, chupa, mawe, Rorya, kijana wa orodha, kidole changu. "Hakuna aliyepona, Shamsa. Yule waliyemwandika kapona, tumemzika. Damu isiyo na virusi ni ya Janet, na Janet hakuwahi kuwa navyo."

Akaivuta kanga mpaka kidevuni.

"Siku ile nilipokupa chapati ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na ukaila."

"Nikaila."

"Mpaka ikaisha."

"Mpaka ikaisha."

Akageukia ukuta. "Wewe ndiye ulinifundisha kumeza zile dawa, bibi. Wewe! Nilikuwa nawaambia watu, yule kizee hana elimu lakini ana moyo. Toka kwangu."

Nikajishika ukuta, nikainuka. Nilipofika mlangoni akaita, sauti imekauka. "Kabla hujatoka nishushie kopo la majani ya chai, lile la juu ya kabati. Sifiki."

Dawa zilikuwa humo. Nikampa na maji. Alimeza akinitazama, kama mtu anayelipiza kisasi kwa kumeza.

27 Aprili

Janet amempeleka Shamsa zahanati, zahanati wakampeleka hospitali ya wilaya. Wamekuta kifua kikuu. Wamesema amewahi, ila kidogo tu. Janet amebaki huko kumuuguza na kumpikia. Mimi Shamsa amesema nisiende.

1 Mei

Mvua imekatika. Jua limetoka kama mgeni asiye na habari za msiba. Watu wanaanika dagaa. Nimeomba Janet anisindikize mjini kwa Odeta. Hakuuliza kwa nini. Amesema, "Nilikuwa nasubiri uniambie twende. Ningekwenda mwenyewe Jumatatu."

5 Mei

Nimerudi. Naandika yote, hata kama mkono utakatika.

Ofisi ya Odeta ina feni na ndoo ya maji ya kunawa. Alikuwa amesimama peke yake anasoma kwa sauti mbele ya ukuta, anajifunza maneno ya Arusha. Alipotuona akatupa karatasi mezani, akanikumbatia.

"Mama! Umekuja mjini bila kuniambia? Akinyi, karibu, kaa, kaa hapa—"

Janet hakukaa. "Daktari, mimi ni Janet. Akinyi alikuwa dada yangu. Alikuwa na mwanya."

Feni ilizunguka. Odeta akanitazama mimi, uso bado una tabasamu kwa sababu halikujua pa kwenda.

Nikasema. Sikupamba. Nilipofika kwenye ule uongo wa mwanya nilitaka kuuruka, nikajilazimisha. Nikamwambia na habari ya Shamsa. Alivua miwani, akaifuta kwa gauni, akaivaa, akaivua tena.

"Kwa hiyo Janet ameishi na Owiti miaka yote hiyo hana virusi," akasema.

"Owiti anameza dawa zake. Kila siku."

"Basi hilo si muujiza. Anayemeza kila siku hamwambukizi mwenzake, hilo tunalijua." Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyejikwaa njiani. "Niliwaambia ile nyumba naijua. Mbele ya watu kumi na wawili, mama. Niliwaambia naweka jina langu rehani."

"Nipige," nikamwambia. "Nitukane."

"Siwezi kukutukana, uliniosha miguu." Alisema kwa hasira, kama vile nilimwosha miguu kumkomoa.

Akachukua simu. "Iondoeni ile ya Arusha. Ndiyo, yote. Hapana, si chupa, chupa zilikuwa sawa. Kosa ni langu. Sikuhakikisha mtu." Nikamnyooshea mkono, nataka aseme ni bibi mmoja mwongo wa ufukweni, ataje jina langu. Akageuza kiti akanipa mgongo mpaka akamaliza. "Na Msafiri mwambieni asiondoke na gari. Nataka kuongea naye. Kesho asubuhi naenda mwaloni kukutana na watu wote wanaotumia dawa."

"Nitakuja kusema mwenyewe," nikamwambia. "Mbele yao."

"Utakuja," akasema. Haikuwa ombi.

Kisha akamuuliza Janet jina lake kamili, mwaka wa kuzaliwa, jina la baba yake. Akamwandikia kadi mpya, namba mpya. Janet aliisoma ile kadi, akaigeuza nyuma, akaisoma tena, akaitia kifuani. Akatoka nje. Nilimwona dirishani amekaa kwenye ngazi, anafuta macho kwa pindo la kitenge.

Nikafikiri yameisha. Odeta akafungua mtoto wa meza, akatoa karatasi nyingi zilizobanwa pamoja.

"Hii tunajaza kwa kila aliyekufa kwenye utafiti wetu. Anaulizwa mtu aliyemuuguza. Akinyi hana. Unaweza?"

"Naweza."

"Tunaweza kufanya siku nyingine."

"Nimeshakaa."

Akaanza. Sauti yake ikawa ya kazi, kama hanijui. Jina la marehemu. Umri. Mahali alipofia. Aliugua muda gani. Miezi minane. Alikohoa? Alikohoa. Alikonda kidogo au sana? Sana. Nguo zake nilizibana kwa pini. Alitokwa vidonda mdomoni? Ndiyo. Kila jibu lilikuwa na kisanduku chake, Odeta anatia alama, mimi nangoja.

"Alikuwa ameanzishiwa dawa za kufubaza virusi?"

"Ndiyo."

"Aliacha kuzitumia?"

"Aliachishwa."

Kalamu ikasimama. Aliiangalia karatasi, hakuniangalia mimi. "Na nani?"

"Na mimi."

Akaandika. Hapo hapakuwa na kisanduku, iliandikwa kwa maneno, nikasikia kalamu inavyokwaruza. Akafunua ukurasa.

"Siku za mwisho alikuwa anaweza kula chochote?"

"Uji," nikasema. "Kwa kijiko. Nilimlisha mimi."

Akaandika na hilo.